Mlangoni, Dirishani

Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla saa nne ya asubuhi haijafika, Mama Mdogo alikuwa ameshagongana na watu watatu. Wa kwanza alimwomba radhi. Wa pili alicheka. Wa tatu, mwalimu wa michezo mwenye mabega ya kubebea magunia, alimkanyaga kidole gumba cha mguu, akamdaka asianguke, kisha akamwuliza, "Dada, sisi wote tunakwenda huku. Mwenzetu unasafiri wapi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Walikuwa walimu thelathini na wawili, wamekusanywa kwenye chuo cha ualimu wakati wa likizo ndefu ili kwa siku kumi na mbili wafundishwe kufundisha dansi. Mbele yao alisimama mkufunzi, mwanamke mwembamba mwenye vijiti viwili mkononi. Alivigonganisha ka, ka, ka, ka, akapaza sauti, "Nne za kulia! Nne za kushoto! Kulia tena!"

Mama Mdogo alijua kucheza. Mguu wake ulikuwa mwepesi, na wimbo ukianza mwili wake uliujua kabla yake. Kilichomshinda ni maneno. Akisikia kulia, macho yake yalikwenda kwanza kutafuta mlango. Akisikia kushoto, yalitafuta dirisha. Na katika ukumbi huu mlango ulikuwa nyuma na madirisha yalikuwa pande zote mbili, kwa hiyo kila alipolipata jibu, wenzake walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi.

Hakuzaliwa hivyo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na dada yake, aliyekuwa mwalimu wa dansi katika shule ya msingi ya mtaani kwao. Huko hakukuwa na kulia wala kushoto. Kulikuwa na mlangoni na dirishani. "Mguu wa mlangoni mbele! Mkono wa dirishani juu! Geuka, rudi dirishani!" Watoto arobaini walikwenda pamoja kama maji kwenye sinia. Mama Mdogo alikuwa msaidizi wake kwa miaka saba, akisimama safu ya mwisho na kuwarekebisha wadogo. Halafu dada aliugua wiki tatu tu, akazikwa. Huu ulikuwa mwezi wa nane tangu siku hiyo, na Mama Mdogo ndiye aliyeachiwa darasa, mtoto na mama mzazi.

Darasa lenyewe aliachiwa kwa masharti. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamkaribisha kiti chenye mguu mmoja mfupi, akamwambia kwa upole, "Mimi sina neno na wewe. Lakini wakaguzi wanataka cheti. Shule ikifunguliwa huna cheti, vipindi vya dansi nitavigeuza viwe vya hesabu. Sitakuwa na la kufanya." Mama Mdogo alitikisa kichwa kukubali, kiti nacho kikatikisika. Vipindi vikigeuzwa hesabu, pamoja na mshahara wake kingekwisha kitu pekee ambacho dada yake alikiacha duniani kinachotembea, ukiacha mtoto.

Na sasa mkufunzi alikuwa anamwangalia.

"Wewe wa namba kumi na tisa," alisema, maana kila mmoja alibandikwa namba kifuani. "Kulia ni wapi?"

Mama Mdogo alitazama mlango. Ulikuwa nyuma yake.

"Anatafuta njia ya kutokea," alisema mwalimu wa michezo, na kuanzia hapo jina la Mama Mdogo likawa Bi Mlango.

*

Wakati wa chakula cha mchana alikaa peke yake ukingoni mwa baraza, miguu yake ndani ya karai la maji. Malengelenge mawili yalikuwa yameshapasuka. Mwalimu wa michezo alikuja na sahani yake, akaketi bila kualikwa.

"Bi Mlango, usininunie. Mimi nina mdomo, sina roho mbaya."

"Sijanuna."

"Umenuna mpaka maji ya karai yamepoa. Hebu niambie, ni kweli hujui, au ni usingizi?"

"Najua. Mkono huu wa kulia, huu wa kushoto." Aliionyesha, kila mmoja mahali pake. "Ila mtu akinipigia kelele, neno linapita kwanza mlangoni ndipo linifikie."

Mwanamume yule alitafuna polepole akilifikiria. "Basi zoezi la kioo litakuua," alisema hatimaye. "Pole sana."

Zoezi la kioo lilianza siku ya tatu, na kweli lilikaribia kumwua. Mwalimu alitakiwa asimame akiwatazama wanafunzi wake uso kwa uso, awe kama kioo chao: aseme kulia huku yeye mwenyewe akienda kushoto, ili wao waone wanakwenda naye. Katika ukumbi kulikuwa na kioo halisi, kirefu, ukuta mzima. Mkufunzi alikifunika kwa mashuka. "Shuleni kwenu hamna kioo," alisema. "Kioo ni wewe."

Mama Mdogo alijaribu. Alilisikia neno kichwani, akalipeleka mlangoni, akalirudisha, akaligeuza kwa ajili ya kioo, na lilipofika kinywani lilikuwa limechoka halijui linakotoka. Alisema kulia akaenda kulia. Alisema kushoto akasimama. Mara moja alisema, "Kulia! Samahani. Kulia ile nyingine!" na watu wakashika mbavu.

"Sikiliza," mkufunzi alimwambia pembeni, bila ukali, jambo lililomwumiza zaidi. "Siku ya kumi na mbili kila mtu anafundisha robo saa, watoto halisi mbele yake, na anajaza fomu kueleza anavyofundisha na kwa nini. Siwezi kutia sahihi cheti cha mwalimu asiyejua pande. Watoto watavunjana pua."

"Nitajifunza."

"Jifunze basi. Kulia ni neno dogo."

Njiani kurudi nyumbani Mama Mdogo alilitamka neno hilo dogo chini ya pumzi. Kulia. Kulia. Mwenye duka la mikate alimwita, "Mama, unalia nini?" Akajibu kwamba halii, anakwenda kulia, kisha akaona jinsi jibu lilivyokaa, akaongeza mwendo.

*

Siku ya sita waliletwa watoto kumi na wanane wa majirani wa chuo ili walimu wafanye mazoezi. Zamu ya Mama Mdogo ilipofika, alikuwa ameandika herufi kwenye viganja vyake kwa kalamu ya wino, lakini jasho lilikwisha kuzifuta. Alisimama mbele yao. Vijiti viligonga.

"Nne za kulia," alisema, akaenda anakojua mwenyewe. Watoto wakagawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Mmoja akakaa chini kulia machozi. Nyuma mtu akanong'ona, "Huyo kafanya alivyoambiwa," na kicheko kikapita.

Mama Mdogo alihisi masikio yake yanawaka. Akatazama huku na huku. Mlango ulikuwa nyuma ya watoto, hautasaidia. Upande mmoja palikuwa na rundo la viti. Upande wa pili palikuwa na ngazi ya fundi wa taa. Akapiga makofi mawili, na sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa ya dada yake.

"Haya, tazameni! Huku vitini! Huku ngazini! Mguu wa vitini mbele! Nne za vitini! Mkono wa ngazini juu! Rudini ngazini!"

Watoto walikwenda vitini wote. Walirudi ngazini wote. Aliyekuwa analia alifuta kamasi akaungana na wenzake. Mama Mdogo alikuwa anawatazama uso kwa uso, nao wanamtazama, na kila upande ulikuwa upande mmoja kwa wote. Hakuwa na la kugeuza.

Vijiti vilinyamaza. Mkufunzi aliviweka chini na kusimama akiwa ameshika kiuno.

"Hebu rudia."

Akarudia.

"Mnaona?" mkufunzi aliwageukia wengine, macho yamemtoka. "Kioo kinakufa! Ukisema vitini, mimi na wewe tunatazamana lakini viti ni vile vile. Mtoto wa miaka sita hahitaji kufikiri. Nimefundisha miaka kumi na minane sijawahi kuliona hili! Nani kabuni?"

"Dada yangu."

"Alisomea wapi?"

"Hakusomea. Alikuwa mwalimu tu."

"Yuko wapi? Nataka aje hapa."

Mwalimu wa michezo, ambaye alikwisha kuujua msiba ule barazani, alikohoa na kusema, "Marehemu, mwalimu."

Mkufunzi akainamisha kichwa kidogo. Kisha akasema kwamba siku ya mwisho Mama Mdogo ataieleza mbinu ya dada yake mbele ya wote, na akiieleza vizuri ataiingiza katika kitabu cha mafunzo cha mwakani, na jina la marehemu litaandikwa. "Dada yako aliona mbali," alisema. "Wachache sana wanaona hivyo."

*

Aliingia nyumbani karibu anakimbia. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado liko uani. Bibi, yaani mama yake mzazi, alikuwa kwenye kigoda akichambua mchele. Kidoti, mtoto wa marehemu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, anaandika kazi ya likizo.

"Mama, leo umezaa mtoto mwenye akili!"

"Nilizaa wawili," Bibi alisema bila kuinua macho. "Yupi?"

Mama Mdogo alisimulia yote. Alisimulia viti na ngazi, kioo kinavyokufa, kitabu cha mwakani, jina la dada. Alisimulia akicheka, huku na huku anacheza, mpaka Kidoti naye akainua kichwa na kutabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Bibi aliacha kuchambua. Mkono wake ulibaki ndani ya ungo.

"Watamwandika kitabuni?"

"Kwa jina lake."

"Waambie wasimwandike."

"Kwa nini, mama?"

"Kidoti, nenda kaniletee maji."

"Mtungi umejaa, Bibi."

"Basi nenda kaumwage ukaujaze tena."

Mtoto alichukua daftari lake akaondoka, akijua anafukuzwa. Bibi alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona, kisha akasema, "Umewahi kunisikia namgombeza yule kwa kuandika na mkono wa kushoto?"

Mama Mdogo alifikiri. Bibi alimgombeza Kidoti kwa kukoroma, kwa kupiga mluzi, kwa kula ganda la mkate na kuacha nyama yake. "Hapana."

"Dada yako alikuwa mashoto hivyo hivyo. Wewe hujazaliwa bado. Nami nilikuwa binti mdogo, na mama mkwe wangu ananiangalia kila tonge. Mtoto ananyoosha kushoto, watu wanageuza uso. Nikamwambia: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, jina lenyewe linasema. Akaniuliza, 'Na wa kushoto ni wa nini, mama?' Nikampiga. Kesho yake akasahau tena. Nikaufunga."

"Ukaufunga nini?"

"Mkono. Kwa kitambaa, hapa kiunoni. Mwaka mzima na miezi. Analala nao, anaamka nao. Siku nilipoufungua, akawa hajui. Nikimwambia kulia, anatetemeka, anatazama mikono yote miwili kama si yake. Shuleni wakampiga kwa hilo hilo. Maskini ya Mungu, ndipo akaanza kushika vitu. Kulia ni upande wa kisima. Kushoto ni upande wa kwa shangazi." Bibi alichota mchele akaumimina tena. "Hakubuni kitu, mwanangu. Alikuwa amepotea, akawa anashikilia kuta."

Mama Mdogo aliketi kwenye mkeka, mahali pa Kidoti palipokuwa bado pana joto. Mambo yakaanza kumjia, moja baada ya jingine, bila kuitwa. Dada yake kila kabla ya mashindano alikwenda kwenye ukumbi wa ugenini siku moja mapema, peke yake, "kuiona sakafu." Dada yake akimwelekeza mtu njia alinyoosha kidole, hakusema neno. Ile saa yake ya mkononi iliyokufa zamani, ambayo hakuivua hata kuoga, na alivyokuwa akiigusa kabla ya kumwambia mtu "geuka." Miaka saba alisimama safu ya mwisho akiyaona hayo na kuyaita ustadi. Zaidi ya hayo aliyaiga. Alikuwa na kulia na kushoto zake nzima, akaziacha akachukua upofu wa mwenzake kwa mapenzi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ungemwonaje?"

Mama Mdogo alijaribu kumkasirikia mama yake, hasira ikaja nusu. Alijaribu kumwonea huruma, nayo ikaja nusu. Kidoti alirudi na maji, akawatazama wote wawili, akauliza ni nani aliyekufa tena.

*

Siku tano zilizofuata alicheza vibaya kuliko mwanzo. Alianza kupata pande kwa majina yake, maana nyumbani alifanya mazoezi na Kidoti uso kwa uso mpaka wote wawili wakachoka, lakini sasa kila alipopata alihisi anamwacha mtu nyuma. Na kila mkufunzi alipomwita mbele ya wengine "mwenye mbinu," alitaka sakafu ipasuke. Wenzake waliokuwa wakimwita Bi Mlango sasa walimletea kiti. Mwalimu mmoja wa kike alimwomba ampe daftari la marehemu anakili. Hakukuwa na daftari.

Fomu aliijaza kwa penseli, akafuta, akajaza, mpaka karatasi ikatoka nyuzi. *Mbinu:* kutumia alama za chumba badala ya kulia na kushoto. Hapo hakuwa na taabu. *Chanzo cha mbinu na sababu yake:* hapo penseli ilisimama. Akiandika kwamba dada aliona mbali, angemwandika mtu ambaye hakuwapo. Akiandika ukweli, angemvua nguo marehemu mbele ya watu, na mama yake naye. Na cheti kilikuwa kinamsubiri upande wa pili wa mstari huo.

Siku ya kumi na mbili alisimama mbele ya walimu thelathini na mmoja na watoto kumi na wanane, fomu mkononi, mstari ule bado mweupe.

"Karibu," mkufunzi alisema. "Tueleze kwanza. Dada yako aligunduaje jambo hili?"

"Hakuligundua," Mama Mdogo alisema. "Dada yangu alikuwa mashoto. Alipokuwa mtoto alifungwa mkono ili auache. Akauacha, lakini na pande zote zikamtoka. Hakujua kulia na kushoto mpaka anakufa. Alituficha. Ndiyo maana alitumia mlango na dirisha. Mimi najua pande, lakini nilimwiga, ndiyo maana mlinicheka. Sijui kama hiyo ni mbinu. Nimejaribu kuandika nimeshindwa."

Hakuna aliyecheka. Mtu alisogeza kiti. Mwalimu wa michezo alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto aliouweka juu ya goti, akaufumba, akaufumbua. "Mimi walitumia rula," alisema, kwa sauti isiyo na mzaha ndani yake.

Mkufunzi alichukua fomu, akautazama mstari mtupu. Alionekana hajui aiweke wapi. "Basi hii siyo..." alianza, akaacha. Alianza tena: "Lakini watoto walikwenda." Akaacha tena. Mwishowe akaokota vijiti vyake. "Robo saa yako inakwisha. Watoto wanakungoja."

Alifundisha. Alianza kwa vitini na ngazini, na watoto walipokwisha kuingia kwenye wimbo akawaambia mkono ulio upande wa viti unaitwa wa kulia, ulio upande wa ngazi unaitwa wa kushoto, na mtoto anayetumia wowote hana kosa. Akakosea mara mbili. Mara moja watoto wakamsahihisha. Ilipofika sehemu ya kugeuka aligeuka vibaya, akasema, "Nimekosea, tuanze tena," na wakaanza tena.

Mkufunzi alitia sahihi. Chini ya alama, ambazo zilikuwa za kuponea chupuchupu, aliandika kwa mkono: *Aendelee na mazoezi ya kioo.* Kuhusu kitabu cha mwakani hakusema lolote, na Mama Mdogo hakuuliza.

*

Nyumbani alimkuta Bibi uani anafua. Kidoti alikuwa ametumwa dukani. Mama Mdogo alikitoa cheti kwenye bahasha, akakishika mbali na povu.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Alhamdulillahi. Kiweke ndani kisilowe." Bibi alikamua shuka, akalikunja, akalikamua tena ingawa lilikuwa halina maji. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Kwamba alifungwa?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Sikukutaja, mama. Nilisema alifungwa tu. Sikusema na nani."

Bibi alilitundika shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe moja, akalinyoosha ya pili, mpaka likawa ukuta mweupe kati yao na Mama Mdogo akawa anaona miguu yake tu, na maji yakidondoka juu yake.

"Ungesema," sauti ilitoka upande wa pili. "Ungenitaja."